Mhariri, zile hazikuwa nyimbo tatu

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na wala si mtu wa kuandika barua za kulalamika, hata ukurasa wa michezo ukikosea magoli huwa nanyamaza tu, ila hii ya wiki iliyopita kwenye ukurasa wa burudani imenishinda. Mwandishi wenu alienda kwenye onesho la okestra, jambo zuri kabisa nampongeza, akarudi akaandika kwamba okestra iliimba nyimbo tatu za Beethoven, kwamba ule wimbo wa kwanza ulikuwa na tempo ya juu mpaka masikio yanauma, kwamba wa tatu ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa sababu wapigaji walisahau pa kuishia, afu akamalizia kwa kuwacheka wapuliza tromboni watatu waliokaa muda mrefu wamekumbatia vyombo vyao kama abiria wenye mizigo. Nilisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikasema hapana, hii lazima niandike, maana alichokiona kijana wa watu ni kweli tupu na alichokiandika karibu chote si sahihi, na sidhani kama kosa ni la kwake peke yake.

Msije mkadhani anayeandika ni profesa. Mimi ni teno, safu ya nyuma, kwaya. Nota nimejifunza ukubwani kwa kubanwa na mwalimu, solfa, ile ya do re mi, ndo nyumbani kwangu, nota za mistari mitano mpaka leo nazisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ila kwa sababu nimejifunza kwa shida najua hasa ni wapi mtu anapotea, na mwandishi wenu kapotea palepale nilipopotea mimi.

Tuanze na neno moja linalotutesa sote, sauti. Kiswahili ni tajiri sikatai, lakini hapa neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno matano. Sauti ni ile inayotoka kooni, sauti ni mlio wa kitu chochote, sauti ni ukubwa wa huo mlio, sauti ni kimo chake yaani wembamba au uzito, na kwenye kwaya sauti ni mstari wako wa kuimba, ndo maana tunasema sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Sasa mwalimu akisema hebu pandisheni sauti hapo, wewe utafanya nini? Nakumbuka siku moja tulikuwa mazoezini akasema hivyo hivyo, nusu ya kwaya ikapaza na nusu ikapanda nota, besi wao wakanyamaza kabisa wakisubiri ufafanuzi, ikatoka kitu ambacho sijawahi kukisikia tena na naomba nisikisikie.

Kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa. Kimo cha sauti kinatokana na idadi ya mitetemo kwa sekunde, basi. Ile nota ya la ambayo oboi, chombo cha kupuliza, huitoa kabla onesho halijaanza ili wenzake wote waseti vyombo vyao, kwa kipimo cha kimataifa ni mitetemo 440 kwa sekunde, ingawa okestra zingine hupenda kuiweka juu kidogo. Ukiizidisha mara mbili, 880, unapata la nyingine ya juu yake, ukiigawa kwa mbili, 220, la ya chini, na umbali huo ndo oktava. Katikati ya oktava tumekata hatua 12 ndogo za nusu toni, na ngazi ya meja ile tunayoimba kila siku do re mi inachagua saba tu kati ya hizo, toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Jaribu kuimba do mpaka do taratibu utazisikia zile nusu mbili, mi kwenda fa na ti kwenda do, zimebanana kama watu kwenye benchi.

Ukubwa wa sauti ni habari nyingine. Huo unaandikwa kwa maneno ya Kiitaliano, piano ni kwa upole, forte ni kwa nguvu, kreshendo ni kukuza kidogo kidogo, diminuendo kupunguza. Na hicho chombo tunachokiita piano jina lake limetoka hapo hapo, maana Bartolomeo Cristofori alipokitengeneza kule Florence kwenye miaka ya 1700 mwanzoni, au hata kidogo kabla, kilichowashangaza watu ni kwamba unaweza kugonga kwa upole au kwa nguvu na chombo kikakusikiliza, wakati kinanda cha zamani cha kudonoa nyuzi, hapsikodi, ukibonyeza kwa hasira au kwa mapenzi inatoka ile ile. Kwa hiyo kikaitwa cha piano na forte, watu wakachoka wakabakiza nusu.

Na tempo? Tempo si juu wala chini, tempo ni mwendo. Ni haraka au taratibu. Mhariri nakuomba hili uliandike ukutani kwa kalamu nyekundu, kitu kinaweza kuwa cha haraka sana na kikapigwa kwa kunong'ona, na kinaweza kuwa cha taratibu na kikatikisa madirisha. Maneno yake ni haya mnayoyaona kwenye karatasi za programu, lago, adajio, andante, alegro, presto, na mengi yao mwanzo hayakuwa hata na habari ya spidi, alegro kwa Kiitaliano ni uchangamfu, andante ni kwa mwendo wa kutembea. Sasa uchangamfu wa nani? Kutembea kwa nani, kwa kijana au kwa bibi? Ndo maana Johann Mälzel alipopata hataza ya metronomu 1815 Beethoven alikuwa kati ya wa kwanza kuidandia, 1817 akatoa namba za mwendo za simfonia zake, zile kazi zake kubwa za okestra, na hiyo aliyoisikia mwandishi wenu sehemu yake ya kwanza imeandikiwa mapigo 108 kwa dakika, kila pigo likibeba nota mbili za robo, ambayo ni mbio kweli kweli mpaka leo makondakta wanabishana kama mzee alimaanisha au mashine ilikuwa mbovu. (Kondakta wa okestra nasema, siyo yule wa basi.) Kwa hiyo mwandishi alitaka kusema ilipigwa kwa nguvu, au kwa haraka, na kwa kweli ilikuwa yote mawili, lakini msomaji wa nyumbani hakuambiwa lolote kati ya hayo.

Utauliza nimejuaje ilikuwa kazi gani wakati gazeti halikuitaja jina. Subiri, nakuja.

Kwanza hili la solfa maana nalipenda. Watu wanadhani do re mi ni ya watoto, ni ya wasiojua muziki wa kweli. Bana, do re mi ina miaka karibu 1000. Mtawa mmoja, Guido wa Arezzo huko Italia, karne ya 11, alikuwa anahangaika kuwafundisha waimbaji nyimbo wasizozijua, akautumia utenzi mmoja wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji ambao kila mstari unaanza hatua moja juu ya uliotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari, ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuka do kwa sababu ut inakaba koo, jaribu tu mwenyewe, na ya saba ikaongezwa. Karne ya 19 kule Uingereza mwalimu Sarah Glover na baada yake mchungaji John Curwen wakaifanya iwe maandishi kamili ya herufi, d r m f s l t, ya saba ikawa ti ili isigongane herufi na so, na uzuri wake ni kwamba do inahama. Ki ikipanda do inapanda nayo, ki ikishuka inashuka nayo, wewe muimbaji hujali, uhusiano ni ule ule. Ki yenyewe ndo hiyo, ni kuamua do inakaa wapi, nyumbani ni wapi, wala haina uhusiano na kelele.

Sasa ukiwa na solfa unaweza ukaishika hata okestra nzima. Chukua ule mwanzo ambao hata asiyejua Beethoven ni nani ameshausikia, zile nota nne, tatu fupi na moja ndefu. Kwa solfa ni mi mi mi do, halafu re re re ti. Imba taratibu utaiona. Imeishaaa. Hiyo ndo Simfonia ya 5, iko kwenye C maina (C ni jina la nota isiyohama kama do yetu), ki ya flati tatu, yaani nota tatu zimeshushwa nusu toni, nyumbani kwake kwa solfa ni la badala ya do na ndo maana ina ule uzito, ila msije mkaniandikia kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, hiyo ni hadithi ya kuwalazia watoto, maina inaweza kuwa na hasira, inaweza kuwa na dansi, inaweza kuwa na ubishi. Na kitu kingine ambacho jicho linakiona na sikio halikioni, ile kazi inaanza na kimya. Kweli kabisa, kitu cha kwanza kwenye baa ya kwanza, yaani fungu la kwanza la mapigo, ni resti, nota inakuja baada yake, okestra nzima inavuta pumzi pamoja kabla haijapiga na ndo kondakta anatoka jasho hata kabla hamjasikia kitu.

Mizani nipite haraka. Washairi wetu mizani ni silabi, kwenye muziki mizani ni namna mapigo yanavyofungwa mafungu mafungu, mawili mawili, matatu matatu, manne manne. Simfonia hii ina mbili kwa nne mwanzoni, tatu kwa nane sehemu ya pili, tatu kwa nne ya tatu, nne kwa nne ya mwisho. Mizani si tempo na wala si biti ile ya vijana wa studio, kwao biti ni muziki mzima bila maneno, hilo ni neno lao waacheni nalo.

Umeona nimesema sehemu ya pili, sehemu ya tatu. Hapa ndo penyewe.

Zile hazikuwa nyimbo tatu. Kwanza hakuna aliyeimba, wimbo ni kitu cha kuimbwa, na Waitaliano hilo waliligawa zamani, cha kupigwa kikaitwa sonata kutoka neno lao la kulia, yaani chombo kulia, na cha kuimbwa kikaitwa kantata kutoka neno la kuimba. Sisi kila kitu wimbo. Mtu anakuambia nina wimbo mzuri wa Mozart wa piano, hauna neno hata moja. Semeni utunzi, semeni kazi, hata kipande ni sawa. Pili, ile ilikuwa kazi moja, simfonia moja, yenye sehemu nne, wengine huita muvumenti, na sehemu hizo ni kama sura za kitabu kimoja, huwezi ukasoma kitabu cha sura nne ukatangaza umesoma vitabu vinne. Au vitatu, kama ilivyotokea.

Simfonia kwa mpango uliozoeleka tangu enzi za mtunzi Haydn ni hivi, ya kwanza ya haraka na nzito kwa mawazo, ya pili ya taratibu, ya tatu dansi ya mapigo matatu iliyoitwa minueti ambayo Beethoven alipenda kuibadilisha kuwa skerzo, maana yake mzaha, na inakwenda mbio zaidi, ya nne ya kufungia, haraka tena. Konseto yenyewe ina mpigaji mmoja mbele anashindana na okestra na kwa kawaida sehemu ni tatu, haraka, taratibu, haraka. Kwateti ya nyuzi ni watu wanne, vayolini mbili, viola na selo, na mpango wake unafanana na wa simfonia. Haydn peke yake ana simfonia 104 zenye namba na kwateti 68, Mozart namba zinafika 41, Beethoven 9 tu, ila usipime kwa wingi, ile ya Beethoven moja inakula muda wa mbili tatu za Haydn za mwanzoni.

Sasa ndani ya sehemu yenyewe kuna umbo, na umbo linaloleta kizaazaa ni hili linaloitwa umbo la sonata. Kizaazaa kwa sababu jina ni moja na sonata ya piano ila si kitu kimoja, sonata ni kazi nzima ya sehemu kadhaa, umbo la sonata ni namna ya kujenga sehemu moja, na linakaa kwenye simfonia, kwenye kwateti, kwenye konseto, popote. Mimi lilinichukua miaka kulielewa mpaka nilipolifikiria kama shairi.

Fikiria tarbia. Mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo. Msomaji wa Kiswahili ukimsomea mishororo mitatu ukanyamaza atakukodolea macho, mwili wake unajua kuna kitu kinadaiwa. Hakuna aliyemwambia, sikio lake ndo linadai. Umbo la sonata linafanya kazi kwa deni hilo hilo. Kwanza mtunzi anatambulisha mawazo mawili, la kwanza likiwa nyumbani, yaani kwenye ki ya mwanzo, la pili likiwa ugenini, ki nyingine. Kwenye Simfonia ya 5 lile la kwanza ni hilo la mi mi mi do kwenye maina, halafu honi, zile tarumbeta za kuviringika, zinapiga mwito mfupi na linaingia la pili, laini, kwenye meja, do ni ile ile lakini nyumba imehama kutoka la kwenda do. Deni limeshaandikwa hapo, kuna wazo liko nje halijarudi. Halafu inakuja vurugu, mawazo yanavunjwa vipande, yanazungushwa ki hii na ile, unapotezwa makusudi kama mgeni kwenye soko la watu. Afu ghafla kurudi, wazo la kwanza limesimama mlangoni tena, na la pili safari hii linaletwa nyumbani nalo. Mwisho kunaweza kuwa na koda, mkia, na Beethoven mikia yake ni mirefu kama mwili.

Na usidhani Haydn na Mozart walikuwa wanajaza fomu kama za ofisini. Nadharia ya umbo hili ilikuja kuandikwa vizuri na walimu wa karne ya 19, wenyewe wakiwa wameshazikwa. Wao walikuwa wanacheza na msikilizaji anayejua. Kuna barua Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris Julai 1778, anasimulia simfonia yake mpya ilivyopokelewa, kwamba katikati ya sehemu ya kwanza aliweka kipande anachojua kitawapendeza, watu wakapiga makofi pale pale muziki unaendelea, na kwa kuwa alishajua kingewapendeza alikuwa amekirudisha tena mwishoni, makofi tena. Halafu akaona kwamba huko Paris sehemu za mwisho huanza okestra yote kwa kishindo, yeye akaanza na mafungu mawili ya vayolini tu kwa upole, ukumbi ukanyamazishana shhh, mara ikapasuka forte na watu wakashangilia. Hiyo mbinu inafanya kazi kwa sababu gani? Kwa sababu walijua nini huwa kinafuata. Asiyejua hawezi kushtukizwa.

Haydn yeye alikuwa na vituko zaidi. Kuna kwateti yake moja ya 1781, opasi (yaani namba ya kazi) 33 namba 2, sehemu ya mwisho ni rondo. Rondo ni rahisi, ni kama kiitikio, wazo linarudi kila baada ya kutembea kidogo, kiitikio, ubeti, kiitikio, ubeti mwingine, kiitikio. Basi mwishoni anachukua kile kiitikio anakikatakata, anapiga kidogo ananyamaza, kidogo ananyamaza, unadhani imeisha, haijaisha, unadhani sasa imeisha, kimya kirefu, afu zinatoka nota chache za mwanzo wa kiitikio kwa kunong'ona kama ndo inaanza upya, na hapo ndo imeisha kweli. Mara ya kwanza kuisikia nilipiga makofi mara mbili za uongo, nikiwa peke yangu chumbani na redio.

Variesheni na fugi sitakaa nazo sana. Variesheni ni wazo moja linavalishwa nguo tofauti tofauti, na mtunzi Bach alichukua aria moja, kipande chenye mahadhi kama ya wimbo, akaivalisha mara 30 kwenye kazi ya 1741 inayoitwa Goldberg. Fugi, jina limetoka kwenye neno la Kilatini la kukimbia, ni sauti zinafukuzana, ya kwanza inaingia na wazo peke yake, ya pili inalijibu kwenye kimo kingine huku ya kwanza ikiendelea na mambo yake, ya tatu, ya nne, na mtu wa kwaya akiisikia mwili unasisimka maana kila mtu ni muhimu, hata teno. Ila hapo hapo Bach mwenyewe si wa enzi ya klasiki. Muziki wa klasiki kwa maana pana ni wote huu, sawa, lakini enzi ya klasiki yenyewe ni kama kuanzia 1750 mpaka 1820 hivi, Haydn, Mozart, Beethoven wa mwanzo mwanzo, na Bach aliyefariki 1750 ni wa baroko, enzi iliyotangulia. Na kitu cha zamani kinachopendwa si lazima kiitwe klasiki, tafadhalini, kwenye gazeti hilo hilo nimeona mmeita klasiki video ya miaka kumi iliyopita.

Haya turudi ukumbini. Mwandishi wenu alikaa, sehemu ya kwanza ikapigwa, kukawa na kimya. Akahesabu moja. Sehemu ya pili, andante, ambayo ni variesheni za mawazo mawili yanayopokezana, kimya, mbili. Akasikia sehemu ya tatu inaanza chini chini kwenye nyuzi nzito, skerzo, akasubiri iishe ahesabu tatu, na haikuisha. Haikuisha kwa sababu Beethoven aliiunganisha na ya nne makusudi, nyuzi zinashika nota ndefu kwa upole kabisa, timpani, zile ngoma kubwa, inagonga gonga kwa mbali kama moyo wa mtu anayejificha, giza, giza, halafu kreshendo ya ghafla na mlango unafunguka kwenye C meja, mwanga mtupu. Kuanzia maina mpaka meja, safari nzima ya sehemu tatu ilikuwa inaelekea hapo. Hakuna aliyesahau pa kuishia. Na katikati ya hiyo sehemu ya nne kuna mahali ile skerzo inarudi kidogo kama ndoto mbaya, afu mwanga unapasuka mara ya pili, mtu aliyehesabu wimbo mmoja mrefu wa kuchosha ndo kitu kimempita hicho.

Mimi siwezi kumcheka. Miaka ya nyuma nilienda onesho la namna hii hii, sehemu ya kwanza ya konseto ikaisha kwa kishindo nikasimama nikapiga makofi mimi peke yangu, jirani yangu akanitazama kama nimevua shati, na hakuna aliyenieleza kwa nini, nilikaa kipindi chote kilichobaki mikono nimeikalia. Baadaye kabisa ndo nikajua kwamba enzi za Mozart ningekuwa sahihi, na kwamba huu ukimya kati ya sehemu ni desturi iliyokuja baadaye. Laiti karatasi ya programu ingekuwa na mistari mitatu tu ya maelezo. Ndo hiyo mistari mitatu naiomba kwako mhariri, ukituma mtu kwenye muziki wa namna hii mpe kisanduku kidogo pembeni ya habari, aandike kazi inaitwaje, ina sehemu ngapi, ni ya ki gani, na neno moja gumu alieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Kama lipo letu litumieni, kiitikio, ubeti, mizani, mahadhi, kama halipo azimeni bila aibu, kwani redio tuliazima kwa nani.

Na wale wapuliza tromboni. Kwenye Simfonia ya 5 tromboni hazina nota hata moja kwenye sehemu ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Zinaingia sehemu ya nne, pale pale mlango unapofunguka, wao pamoja na pikolo, filimbi ndogo ya juu kabisa, na kontrabasuni, chombo cha kupuliza cha chini kabisa, na mojawapo ya sababu ule mwanga unang'aa vile ni kwamba sikio lako lilikuwa bado halijazisikia jioni hiyo. Watu watatu wamekaa zaidi ya nusu ya kazi, midomo inapoa, chuma kinapoa, wanahesabu baa, na wakinyanyua vyombo hakuna nota ya majaribio, ya kwanza lazima iwe safi na kwa forte mbele ya ukumbi mzima. Mhariri, toleo lijalo naomba mrekebishe hesabu ya nyimbo, halafu muwaombe radhi wale watatu.

Wasalaam,
Teno wa safu ya nyuma